Jina la mtoto maana yake nini? Namna ya kulifuata jina mpaka lilikotoka, tuanze na Asha

Kaka yangu kapata mtoto wa kike kule Wete, Pemba, na jina lilikuwa lishapangwa zamani, akizaliwa mwanamke ataitwa Asha, jina la bibi yetu mzaa baba. Siku mbili kabla ya akika, ile shughuli ya kumchinjia mtoto, wifi yangu akakaa na simu kutafuta maana ya jina, akapata majibu matatu yasofanana hata kidogo. Moja linasema Asha ni Kiswahili na maana yake maisha, la pili linasema ni Kihindi na maana yake tumaini, la tatu linasema ni neno la Kiajemi cha kale na maana yake ukweli. Akanipigia usiku, "wifi, lipi la kweli, mana watu wataniuliza." Nikamwambia kila moja lina wenyewe, ila la mwanao ni moja tu, na simu haiwezi kukwambia ni lipi mana haiujui ukoo wenu.

Basi naandika hapa namna tulivyolifuata jina hilo hatua kwa hatua, kwa sababu njia ni hiyo hiyo kwa jina lolote, liwe la Kiarabu, la Kihindi, la Kizungu au la kwetu wenyewe la asili.

Anza kwa watu kabla hujafungua simu. Kwetu Unguja na Pemba majina mengi hayachaguliwi kwa maana, hurithiwa, mtoto hutiwa jina la babu au bibi akawa somo yake, yaani mwenziwe wa jina, na mara nyingi alotia jina hakuwa anafikiria kamusi, alikuwa anamfikiria mtu. Kwa hiyo masuali ni haya: nani alitia jina, kabla ya hapo lilikuwa la nani, huyo wa kabla alikuwa mtu wa wapi, na siku aliyozaliwa kulikuwa na nini. Usiulize "jina lako maana yake nini", ukiuliza hivyo mzee atakujibu chochote cha kukuridhisha. Uliza "alikutia nani". Nilimuuliza bibi hivyo na jibu likaja bila kufikiri, "kanitia ami yake baba, mwalimu wa chuo, kanita kwa mamake." Pale pale nishajua jina limetoka kwa mtu wa chuo cha Kurani, yaani limekuja kwa njia ya Kiarabu na dini, halikuja kwa njia ya dukani wala ya jirani.

Suali la siku ya kuzaliwa usiliruke. Juma ni wa Ijumaa, Khamis wa Alhamis, na wanawake Mwanajuma na Mwanakhamis, Mwanaidi ni wa Idi, Rajab na Shaaban na Ramadhan ni miezi yao, na Haji mara nyingi kazaliwa watu wako Maka. Mosi, Pili, Tatu ni mpangilio wa kuzaliwa. Majina haya ukiyatafutia maana kubwa kubwa utapoteza wakati wako, maana yake ni kalenda na hesabu ya nyumba.

Na yapo majina yanayobeba hali ya mtu, haya hakuna mtandao utakaokwambia. Siti binti Saad, yule wa taarab aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na akenda Bombay kurikodi mwaka 1928, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Siti kapewa baadae mjini, na siti ni Kiarabu, ni kifupi cha "bibi wangu", "mtukufu wangu". Hebu lifikirie hilo, mtu katoka kwenye Mtumwa kaingia kwenye Siti, maisha yote ya mtu yamo ndani ya majina mawili. Bi Kidude naye jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka, Kidude kaitwa kwa udogo wake alipozaliwa. Sasa mjukuu wa watu kama hawa akitafuta "Kidude" kwenye tovuti za majina atapata nini? Ndio mana nasema watu kwanza, tena wazee wanaondoka, suali la leo usiliweke mpaka Idi ijayo.

Hatua ya pili, kusanya sura zote za jina kama zilivyoandikwa. Cheti cha kuzaliwa, daftari la skuli, kaburi kama lina maandishi, na hasa ule msahafu wa zamani wa nyumba, mana wazee wetu walikuwa wanaandika vizazi kwenye karatasi ya mwisho ya msahafu. Wa kwetu umefungwa kwa kitambaa cha kanga na uko juu ya kabati. Karatasi ya mwisho imeshakuwa rangi ya chai, wino umekuwa kahawia, lakini jina la bibi linasomeka: ain, alif, hamza iliyokaa juu ya kijino, shini, na tee marbuta ile ya mviringo, kisha binti fulani, kisha mwezi na mwaka wa Hijria. Yaani Aisha. Kwenye cheti imeandikwa Asha. Na nyumbani watu wa umri wake wanamwita Mwanaasha. Sura tatu za mtu mmoja. Ofisi moja iliwahi kutusumbua miezi kwa ajili ya hiyo herufi moja ya i, karatasi moja inayo nyengine haina, mpaka baba akenda kula kiapo kwamba Asha na Aisha ni mtu mmoja. Ilituuma kweli, mtu mzima wa miaka themanini na kitu kuambiwa si yeye. Kwa hiyo ukikusanya sura za jina weka na kopi zake, zitakufaa kwa zaidi ya maana.

Hapo hapo tenganisha jina na heshima yake. Mwana kwenye Mwanaasha si mtoto wa Asha, wengi wanakosea hapa. Mwana ni neno la heshima la zamani kwa mwanamke mtukufu, kama tunavyosema Bibi, ndio ukaona malkia wa Unguja wa karne ya 17 anaitwa Mwana Mwema. Bi nayo ni hivyo hivyo, Bimkubwa, Bikombo, Biubwa. Ondoa Mwana, ondoa Bi, jina lenyewe ndio linabaki. Na upande wa nyuma angalia ile i ya mwisho kwenye majina ya ukoo, Kiarabu na Kiajemi hutumia i hiyo kusema "mtu wa", Shirazi ni wa Shiraz, Maskati ni wa mji wa Maskat. Lakini kumbuka kwetu wengi hatuna jina la ukoo, ni jina lako, la baba, la babu, basi. Ukimkuta mtu Ulaya anaitwa kwa jina la mwisho Makame usidhani ni kabila, ni babu yake tu fomu za paspoti zimemgeuza ukoo.

Sasa tunaingia kwenye herufi, na hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Kiswahili chetu cha visiwani tunazo th, dh, gh na kh, lakini ain, ile herufi ya Kiarabu inayotoka kooni, imetutoka, na h mbili za Kiarabu zimekuwa moja, ile ya kooni ya Muhammad na ile nyepesi ya mwisho wa Allah, zote tunaandika h. Kwa hiyo jina la Kiarabu likiandikwa kwa herufi za kizungu kuna vitu vimefichika. Mfano mzuri ni Hawa. Jina la mama yetu Hawa lina ile h ya kooni, na linahusishwa na uhai. Hawaa ya nafsi, ile tamaa inayompoteza mtu, ina h nyepesi, na hewa tunayovuta nayo ni ya h nyepesi. Mtu akikwambia Hawa maana yake tamaa au upepo, mwambie akaitazame kwa herufi za Kiarabu, ni maneno mbali mbali kabisa. Kama huwezi kusoma Kiarabu peleka jina kwa mwalimu yeyote wa chuo, dakika moja anakuandikia.

Ukishapata herufi tafuta mzizi. Kiarabu maneno mengi yamejengwa juu ya herufi tatu, na kamusi zake nyingi zimepangwa kwa mizizi hiyo. Aisha mzizi wake ni ain, ye, shini, na mzizi huo ni wa kuishi. Umbo lake ni la mtendaji, kama Salim ni alosalimika na Rashid ni aloongoka, basi Aisha ni anoishi, mwanamke aliye hai, mwenye maisha. Na sasa sikiliza, neno letu "kuishi" limetoka mzizi huo huo, na "maisha" pia. Kwa hiyo ile tovuti ya kwanza ilosema Asha ni maisha kwa Kiswahili ilikuwa imekaribia lakini imekosea njia, Asha si neno la Kiswahili la maisha, hakuna anayesema "asha yangu ngumu", ni kwamba jina na neno vimepanda chombo kimoja kutoka Uarabuni. Mzizi huo huo huko Misri umekuwa jina la mkate, wanauita eesh, na nchi za Ghuba eesh ni wali, kila watu wakakiita uhai kile wanachokula kila siku. Lakini "kuisha", kumalizika, halimo kabisa humu, hilo ni letu la Kibantu. Yamefanana kwa sikio tu, na ni vizuri kulijua hilo kabla mtu hajaja kumtia hofu mama wa mtoto.

Ukishakuwa na mzizi na mtu wa mwanzo alolifanya jina lienee, lifuate safari yake. Kwa Aisha mtu huyo anajulikana, Bibi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume, na kila palipofika Uislamu jina limefika na likavaa nguo za lugha ya pale. Waturuki wanasema Ayşe. Wasomali wanaandika Caasha, na ile c yao ni ain, wao wameitunza herufi sisi tuloipoteza. Bosnia ni Ajša. Indonesia na Malaysia ni Aisyah, tena mara nyingi Siti Aisyah, na Siti yao ni ile ile ya Siti binti Saad. Wapakistani na Wabangladeshi Ayesha. Afrika ya magharibi ukisikia Aïssatou au Aishatu usidhani ni jina jengine, ile "tu" ya mwisho ni tee marbuta inayosikika kwenye Kiarabu cha kusomwa, Aishatu, na sh imekuwa s kwa wale ambao lugha yao haina sh. Ukishalijua hilo basi utajua peke yako kwa nini wenzao wanaitwa Fatoumata.

Na kwetu? Kwetu kuna Aisha, Asha na Esha. Hiyo Esha wengine wanaiona ni makosa ya vijijini na mie inaniudhi, mana inafuata kanuni ile ile ya Kiswahili, ai ya Kiarabu inageuka e. Khayr imekuwa kheri, shaykh kawa shekhe, na Aisha kawa Esha. Hakuna kosa hapo, ni lugha inafanya kazi yake. Kwa hiyo ukilifuata jina usitafute sura "sahihi" ukazitupa nyengine, kila sura inakuonesha jina limepita wapi.

Sasa lile la Kihindi. Pale Mji Mkongwe nilisoma na msichana wa Kihindu, kwao wanatokea Gujarat, na jina lake Asha vile vile, mwalimu akiita Asha, yeye na binamu yangu wote wanaitika. Lakini Asha wake ni aasha ya Kisanskriti, tumaini, haina ain wala tee marbuta, haina uhusiano wowote na Bibi Aisha. Na lile la tatu, asha ya Kiavesta, lugha ya vitabu vya dini ya Zoroasta, dini ya kale ya Uajemi, ni ukweli, haki, mpango wa ulimwengu ulonyooka. Neno hilo hilo kwenye Kiajemi cha kale lilikuwa arta, ndio limo ndani ya jina la mfalme Artaxerxes na ndani ya Ardeshir, jina ambalo Maparsi, watu wa dini hiyo waliohamia India, wanalo mpaka leo. Na Maparsi tumeishi nao hapa, mwimbaji Freddie Mercury kazaliwa Unguja mwaka 1946 kwenye nyumba ya Kiparsi, jina lake Farrokh, Kiajemi, mwenye bahati, na Bulsara ni mtu wa mji wa Bulsar huko Gujarat. Kwa hiyo kwenye mji huu mmoja wa kutembea kwa miguu Asha wote watatu wanaweza kuwa na wenyewe. Wahenga walisema duniani wawili wawili, hapa ni watatu.

Ndio mana mie naweka undugu wa majina kwa mafungu. Wapo ndugu wa damu, wana mzizi mmoja, kama Aisha, Ayşe na Aïssatou, au Salim, Salum, Salmin, Salma na Salama. Wapo ndugu wa kunyonya, maana moja imewalea lakini hawakuzaliwa tumbo moja: Amani yetu na Irene ya Kigiriki, zote ni amani, au Tumaini yetu na Esperanza ya Kihispania na yule Asha wa Kihindi. Na wapo waliofanana sura tu. Amour ya kwetu, kama kwenye jina la rais wetu wa zamani wa Zanzibar, Salmin Amour, ni Kiarabu, mzizi wa ain, mim, re, wa umri na kuimarisha, jamaa ya Omar. Watalii wakiliona wanacheka wanasema mapenzi, kwa Kifaransa ni kweli, lakini jina letu halikupita Ufaransa. Vile vile Evelyn, siku hizi wapo wanaotia wakidhani ni Hawa wa kizungu, na si hivyo, Hawa wa kizungu ni Eva au Eve, Evelyn imetokea kwenye jina jengine la zamani, Aveline.

Angalia na hili, jina likihama lugha linaweza kupata maana mpya. Yahya, Yohana, John, Juan, Ivan, Giovanni ni nabii mmoja. Kwa Kiebrania ni Yohanan, Mungu amerehemu. Kwa Kiarabu Yahya linasomeka "anaishi". Kwa hiyo ukimtia mwanao Yahya umempa uhai, jirani yako akimtia Yohana kampa rehema, na wamemtaja mtu mmoja. Na jina la Hawa, Wayahudi walotafsiri Taurati kwa Kigiriki kwenye aya ya kupewa jina lake wakaandika Zoe, uhai, wameiacha sauti wakachukua maana. Na mara nyengine mtu anabadili jina bila kuchukua sauti wala maana. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, alozaliwa Mtoni mwaka 1844, alipobatizwa Aden mwaka 1867 kawa Emily, na Emily ni jina la ukoo wa Kirumi, Aemilius, halina ule usalama wa Salme ndani yake. Kwa hiyo ukikuta mtu ana majina mawili usijitahidi kulazimisha yawe kitu kimoja.

Simu sasa unaweza kuifungua. Tovuti za majina zinanakiliana, kosa la moja utalikuta kwenye ishirini, kwa hiyo kuliona mara nyingi si ushahidi. Mie naangalia mambo matatu tu: imetaja lugha gani, imelionesha neno lenyewe kwa herufi za lugha hiyo, na neno hilo wenye lugha wanalitumia kweli? Ikikwambia jina ni la "Kiafrika" bila kusema lugha, pita. Ikikwambia ni la Kiswahili, wewe ndio mwenye lugha, jiulize umewahi kulisikia kwa bibi yako. Ukitaka kwenda mbali zaidi nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, kuna hati za zamani za Kiarabu na za Kiingereza, utaona majina ya watu wetu yalivyoandikwa na makarani mbali mbali, na ukilinganisha na msahafu wa nyumbani unaelewa mengi.

Jambo la mwisho tulilofanya, na ningependa ulifanye na wewe, ni kurikodi sauti. Asubuhi ya akika nilimwekea bibi simu karibu nikamwomba ataje jina lake lote, na baba yake, na babu yake, kama alivyofundishwa chuoni. Kila siku yeye mwenyewe anasema Asha tu kama sisi. Lakini alipoambiwa kama chuoni akajiweka sawa kwenye mkeka, akavuta mtandio, na ain ikatoka kooni kabisa, Aaisha, ikifuatwa na majina saba nyuma yake ambayo baba yangu alikuwa anayajua manne. Tuliyaandika yote saba hapo hapo.

Kisha kaka kashusha msahafu, mwalimu wa chuo cha mtaani akaandika chini ya jina la bibi kwa herufi zile zile, ain, alif, hamza, shini, tee marbuta, binti fulani, na tarehe zote mbili. Kwenye fomu ya cheti wifi kaandika Aisha, na i yake.